Madamu Soksi wa Chumba cha Nyuma

Kila asubuhi, kabla hajafungua hata dirisha, mwalimu huyu alikuwa akikalia viti vyote vya darasa lake, kimoja baada ya kingine. Anakaa, anajitikisa kulia, anajitikisa kushoto, anasikiliza. Kiti kikilia, anakipindua miguu juu, anakikaza kwa bisibisi ndogo aliyokuwa akitembea nayo mkobani pamoja na kitana na vidonge vya kichwa, halafu anakikalia tena. Mtu asiyemjua angepita nje pale akaapa kwamba mama wa watu anatafuta kiti cha kusinzilia.

"Bado hujapata unachokipenda tu, Mwalimu?" mfagiaji alikuwa akimtania.

"Nimevipenda vyote, ndiyo taabu yangu."

Viatu vyake vilibaki mlangoni. Ndani alitembea na soksi nene za kijivu, maana visigino hugonga sakafu, na katika chumba kile walikuwemo wanafunzi ambao kisigino kikigonga kwao ni sawa na wewe kuzabwa kibao. Basi shule nzima ikamwita Madamu Soksi. Walianza kulisema nyuma ya mgongo wake. Alipolisikia alicheka mpaka akafuta macho, na tangu siku hiyo wakawa wanamwita hivyo usoni.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya maabara, mahali ambapo zamani walitupa madawati yaliyovunjika. Wanafunzi wa madarasa mengine walikiita gereji. "We wa gereji, umeshatengenezwa?" ndiyo ilikuwa salamu yao. Siku moja Madamu Soksi alimfuma kijana mmoja mrefu akimsalimia hivyo msichana wa chumba chetu. Hakumkaripia. Alimwita kwa kidole.

"Gereji yangu haipokei magari mabovu peke yake," akamwambia. "Hata zima linaingia, linapimwa upepo. Njoo na wewe nikupime, naona umejaa kupita kiasi."

Wenzake walimcheka wiki nzima. Kwa hilo tu mimi ningeweza kumshukuru, lakini yapo mengine.

Nilikuwepo pale kwa sababu ya kaka yangu. Shule mimi niliiacha mapema, nikiwa bado mdogo, mgongo wa mama ulipoanza kumsumbua na cherehani ikahitaji mikono mingine. Mama ni fundi wa nguo. Baba anaendesha lori la masafa, na mama husema akirudi tumkaribishe kama mgeni, tukimzoea sana ataondoka tena. Kaka ndiye mkubwa, na mtaani wanamwita Halafu. Ukimwambia, "Tutakwenda dukani," anauliza, "Halafu?" "Tutanunua sabuni." "Halafu?" Watu wengine huchoka njiani. Yeye hachoki, kwa sababu hatanii. Asipojua kinachofuata, anatoka jasho kwelikweli, na pengine anakaa chini papo hapo alipo, hata katikati ya njia. Duka likibadilisha rangi ya mlango, tayari, njia imekuwa nyingine. Ndiyo maana nilimsindikiza kila siku kwenda na kurudi.

Huko kwenye darasa kubwa walimuona mjeuri. Mwalimu wa historia alimwambia, "Eleza kwa ufupi." Kaka akauliza, "Ufupi wa kiasi gani?" Darasa likaangua kicheko, naye akatolewa nje. Alisimama karibu na bomba la maji, na aliponiona aliniuliza tena, taratibu, kama mtu aliyepotelewa na ufunguo, "Ufupi wa kiasi gani?" Sikuwa na jibu. Hata leo ukiniuliza sijui.

Madamu Soksi alikuwa nalo. Alichukua kalamu ya risasi akachora mstari chini ya nafasi tupu. "Mpaka hapa," akasema. "Ukifika hapa umeeleza kwa ufupi. Ukipita, umepiga domo." Kaka aliinama akaandika mpaka hapo hapo, neno la mwisho likakanyaga mstari.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya kazi. Hakuwa na maneno makubwa. Msichana mmoja mle ndani alisema herufi hazitulii, zinaruka mistari kama panzi, na walimu wengine walishamwandika kuwa mvivu. Madamu alikata jalada la plastiki la njano, akalilaza juu ya ukurasa.

"Sasa je? Zimekaa?"

"Zimekaa, Mwalimu. Ila bado zinanong'ona."

"Zikinong'ona zituache. Hata mimi nanong'ona kwenye mikutano."

Mimi mwanzoni nilikaa kwenye benchi la nje nikisubiri kengele ya mwisho. Alitoka akanitazama, akasema, "Mwanangu, hilo benchi lina jua, na wewe una macho. Njoo uyatumie huku ndani." Akanipa kiti alichokwisha kukipima. Haya ninayoyaandika, kuyaandika kwenyewe nilijifunzia pale, kwenye kona ya meza ya kaka.

Somo lilikuwa likianza kwa namna moja tu. Madamu Soksi anaweka kiganja juu ya meza, anangoja chumba kitulie, anasema kwa sauti ya chini, "Haya, watu wangu. Tumeanza." Akishasema hivyo, kaka anafungua kalamu na kazi inatoka. Hesabu, jiografia, hata ile historia. Mwaka ule alama zake zilipanda mpaka mama akaanza kuzungumza na wateja huku ameinua kidevu. Akimaliza shule na cheti, chuo kimoja cha ufundi wa mavazi kingempokea. Bila cheti, hakuna. Na cheti maana yake mtihani wa mwisho.

Madamu alikwisha kumpigania akapata ruhusa ya chumba cha peke yake na muda wa nyongeza, kwa sababu ule ukumbi mkubwa wenye feni inayolia asingeuweza. Sharti lilikuwa moja: msimamizi awe mgeni, mwalimu wake asiwepo. Hakuna aliyeona tatizo hapo. Tulifurahi.

Ukaja mtihani wa majaribio. Wakamweka kaka kwenye chumba kidogo kando ya maktaba na mwalimu wa zamu kutoka kidato kingine. Mimi nilikuwa barazani. Yule mwalimu akamgawia karatasi, akasema, "Unaweza kuanza," akakaa. Kaka akashika kalamu, akamtazama. Akaendelea kumtazama. Muda ulipokwisha karatasi ilikuwa nyeupe, hata namba yake hakuiandika.

Mama aliitwa ofisini siku ile ile, akaja na sindano zimebaki kifuani mwa gauni. Mkuu wa shule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. Alimtazama kaka, akamtazama Madamu Soksi, akajikuna kipara.

"Mwalimu, sisemi kijana hajui. Nasema hakuandika. Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Madamu aliinama mbele ya kiti cha kaka. "Ulikuwa unangoja nini?"

Kaka alimshangaa. "Hakusema tumeanza."

"Alisema unaweza kuanza."

"Aliniambia naweza," kaka akajibu. "Hakusema tumeanza."

Mkuu wa shule alitaka kucheka, akajizuia. Madamu Soksi yeye alikaa sakafuni pale pale. "Basi ni mimi," akasema. "Nilitaka awe na kitu kimoja kisichobadilika. Nimemfunga kamba, na ncha ya kamba nimeishika mwenyewe."

"Ukiniletea mtu anayeweza kuanza bila wewe," mkuu akasema, "mimi nitatia sahihi fomu yake ya mtihani. Ila siwezi kumpeleka mtoto akakae na karatasi tupu mbele ya wageni. Nitakuwa nimemwaibisha."

Wiki iliyofuata ilikuwa ya vichekesho kama haikuwa ya machozi. Madamu alitaka kaka azoee sauti nyingine, kwa hiyo kila aliyepita aliitwa aje aseme maneno yale. Mfagiaji akasema. Mwalimu wa michezo akasema, madirisha yakatetemeka. Mpishi wa shule aliacha sufuria akaja na mwiko mkononi, akaweka kiganja mezani kwa heshima zote, akasema, "Haya, watu wangu. Tumeanza."

Kaka akafikiri. "Wewe unanuka vitunguu."

"Na wewe ungenukaje ungekuwa unavikata tangu alfajiri?" mpishi akamjibu. "Andika basi, mwanangu, mboga inaungua!"

Hakuandika. Mimi nikajaribu, mama akajaribu. Kwa mama aligusa kalamu, halafu akaiacha. "Siyo hivyo," akasema, na macho yake yakaanza kulengwalengwa na machozi. Madamu akasimamisha mchezo wote. "Tumebadilisha mshika kamba," akaniambia nje. "Kamba bado ipo."

Jumamosi hiyo, mchana, alikuja nyumbani kwetu. Mama aliruka.

"Mwalimu, ingia na viatu! Sakafu yenyewe imejaa vipande vya uzi."

"Nimeshazoea, mama. Wacha vinikune."

Akakaa kwenye kigoda kati ya marundo ya nguo. Mama, bila kuacha kukanyaga cherehani, akamwambia lile lililokuwa moyoni mwake. "Nimefikiri, Mwalimu. Labda aache tu. Kazi ipo hapa, atakaa na mimi. Kwa nini tumsumbue?"

"Kazi ipo na mtihani upo. Kimoja hakimfukuzi mwenzake."

"Mimi ndiye ninayemuona usiku anavyojikunyata."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako, sikukuita kwangu."

Kaka wakati huo alikuwa mezani, anapiga pasi mashati ya wateja. Hiyo ni kazi yake tangu zamani, na hakuna anayempita. Alivuta shati, akalitandika, akaanza. Madamu alimtazama, chai ikampolea mkononi.

"Nani amekuambia uanze?" akauliza.

"Hakuna."

"Sasa umeanzaje?"

"Kola."

"Ukimaliza kola?"

"Mabega. Halafu mikono. Halafu mgongo. Halafu mbele."

"Na mama asipokuwepo? Hakuna mtu nyumbani kabisa?"

Kaka alimtazama kama mtu anayemhurumia mwenzake. "Kola ipo," akasema.

Madamu Soksi aliweka kikombe chini, akajipiga paja. "Mimi nahangaika kumtafutia mtu wa kumwanzisha, kumbe anataka kola!"

Mama akaacha kukanyaga. Walitazamana wale wanawake wawili, wakaanza kucheka, mama akicheka huku anapenga kamasi kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

Jumatatu Madamu aliweka karatasi ya mtihani wa zamani mbele ya kaka, kimya. Hakuweka kiganja mezani. "Hili ni shati," akamwambia. "Kola yake iko wapi?"

Kaka aliigeuza karatasi. Akaitazama mgongoni, akairudisha. Msichana wa jalada la njano aliacha kusoma, na sote tukawa tunamtazama. Mwishowe akaweka kidole juu kabisa, kwenye visanduku vya namba ya mtihani. "Hapa."

"Ukimaliza kola?"

"Swali la kwanza."

"Halafu?" Madamu akamuuliza, kwa sauti yake kaka mwenyewe.

Kaka akacheka. Kucheka kwake ni nadra, huanzia mabegani. Akafungua kalamu, akaandika namba, akashuka swali la kwanza, akaenda.

Kwa siku kadhaa tulidhani mambo yamekwisha. Madamu akawa anasema, "Natoka," anavaa viatu, anazunguka uwanja, na kaka anaanza na kola yake na kuteremka vizuri. Lakini kila Madamu alipoingia tena, kalamu ilikwenda chini. Kaka alikaa wima akamngoja aseme. Madamu alijaribu kurudi kwa kunyata, akajaribu kupitia mlango wa maabara, akajaribu kutomtazama. Kalamu chini. Baadaye ikawa hata akiwa hajarudi, kaka anafika swali la pili au la tatu, anasimama, anatazama mlango. Alikuwa akijua kwamba Madamu atarudi, kwa hiyo alimngoja.

Siku moja Madamu alikaa na mimi kwenye benchi la baraza. Hakuwa mtu wa kusema mambo yake, lakini mimi ni mtu ambaye watu humwambia mambo, pengine kwa sababu sijibu haraka.

"Kutoka kwangu si tatizo," akasema. "Tatizo ni kurudi."

Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwa amewaambia wanafunzi. Kulikuwa na shule nyingine, upande wa pili wa mji, iliyokuwa ikimwomba aende akawafungulie chumba kama hiki. Watoto wa kule walikuwa bado wanatolewa nje ya darasa na kusimamishwa karibu na bomba. Alikwisha kukubali, ila aliwaomba wamsubiri mpaka mitihani ya hapa iishe. Mwalimu mmoja kijana, aliyekuwa akija mchana kujifunza kwake, ndiye angeshika chumba.

"Nilitaka niwaone wanamaliza," akasema. "Hasa huyu wetu." Akapangusa vumbi la uwanja kwenye kiatu. "Lakini huko ni kutaka kwangu mimi."

Mkuu wa shule alishangaa alipomweleza kwamba ataondoka asubuhi ya mtihani wa kwanza. Nilikuwa mlangoni, nimepeleka ile fomu ya mtihani ya kaka.

"Si ungengoja tu, Mwalimu? Mitihani yenyewe ni siku chache."

"Nikingoja, na yeye atangoja."

Mkuu alijikuna kipara. Kisha akavuta ile fomu mkononi mwangu akatia sahihi, akasimama, akampa mkono Madamu kwa mikono yake yote miwili. "Ulipokuja nilikupa stoo," akasema. "Nilidhani utaomba uhamisho baada ya mwezi."

"Niliomba bisibisi," Madamu akamjibu.

Aliwaambia wanafunzi ukweli, hakuwazunguka. Msichana wa jalada la njano alilia waziwazi. Madamu akampa jalada lingine la akiba, akamwambia herufi zikizidi kunong'ona azinyamazishe kwa sauti yake mwenyewe, asome kwa nguvu. Kaka hakulia. Aliuliza tu ni siku gani, saa ngapi, kwa mlango upi. Madamu akamjibu yote, na kaka akayarudia mpaka yakakaa.

Asubuhi ya mtihani wa kwanza tulifika mapema. Mama alifunga cherehani akaja, mara yake ya kwanza kufunga kazi siku ya kazi. Msimamizi mgeni alikuwa bwana mwembamba mwenye kikohozi. Madamu alimsikia akikohoa tangu langoni, akamfuata.

"Samahani, mwalimu mwenzangu. Hicho kikohozi kina ratiba, au kinakuja kinapotaka?"

"Kinakuja kinapotaka, dada."

"Basi nakuomba unyonye hizi. Usinirudishie, kaa nazo zote." Akamwekea pipi za mnanaa kiganjani. Yule bwana akacheka, akatia moja mdomoni pale pale. Wala hakuuliza sababu. Naye ninamshukuru, popote alipo.

Kwenye mlango wa kile chumba cha kando ya maktaba, Madamu alisimama mbele ya kaka.

"Leo nikitoka sirudi."

"Hurudi mchana?"

"Sirudi mchana, wala kesho, wala siku ya mwisho. Nakwenda kufanya kazi mahali pengine."

"Halafu?"

"Halafu wewe unaandika mpaka unamaliza. Halafu mdogo wako anakuchukua, mnakwenda nyumbani, mama anakupa chakula."

Kaka alifikiri. Nilijua ana swali jingine, nililiona linapanda. "Watoto wa huko," akasema, "wanajua kuanza?"

"Bado."

"Basi nenda," kaka akamwambia. Akageuka, akaingia.

Mama akamshika Madamu mkono. Mama yangu ni mtu wa maneno, anaweza kubishana na mteja mpaka mteja akaomba radhi kwa shati lake mwenyewe, lakini siku ile alisema "Mwalimu" tu, halafu akasema tena "Mwalimu," na hapo akashindwa. Madamu akamwambia, "Nimesikia, mama. Nimesikia yote."

Mlango ukafungwa. Sisi watatu tukasogea pembeni ambako kaka asingeweza kutuona, nami nikachungulia kwenye pembe ya dirisha. Nilimsikia msimamizi akisema, "Unaweza kuanza." Kaka alimtazama. Akashusha macho kwenye karatasi, akatembeza kidole juu kabisa, akafungua kalamu. Akiandika hutumia mkono wote mpaka kiwiko, na kiwiko kikaanza kwenda. Kikaenda, kikarudi, kikashuka mstari. Kikafika mahali kikasimama. Kaka aliinua kichwa akatazama mlango.

Madamu Soksi alikuwa ananitazama mimi usoni, akisoma kwangu. Hakusogea.

Kaka aliutazama mlango muda wa kutosha mtu kufunga kifungo. Kisha akainama, na kiwiko kikaendelea.

Nikamwitikia Madamu kwa kichwa, ndiyo. Akapumua. Akanishika bega, akalibana kidogo, akasema kwa sauti ile ya chini, "Na wewe uendelee kuandika." Akainua mkoba wake, akashuka ngazi, akakata uwanja uliokuwa mtupu, wanafunzi wote wakiwa ndani. Mlinzi akamfungulia mlango mdogo wa geti, akamtania jambo ambalo sikulisikia, nikaona mabega yake yakicheka. Akavuka barabara, akaelekea upande wa pili wa mji, wala hakurudi.